Upande wa Pili wa Wavu

Jumapili ya tarehe 4 Agosti 2024, Carolina Marín wa Hispania alipoanguka katika nusu fainali ya Olimpiki ya Paris, akiwa ameshinda seti ya kwanza kwa 21-14 na akiongoza ya pili, simu yangu ilijaa ujumbe wa wenzangu tunaocheza nao mpira wa vinyoya (badminton) kabla hata hajainuka sakafuni. Wote walikuwa wakimlilia yeye, na walikuwa na haki ya kumlilia. Mimi nakiri kwamba mtu wa kwanza kunijia akilini hakuwa Marín. Alikuwa mwanamke aliyesimama mbele yake miaka minane kabla ya hapo, katika nusu fainali ya Olimpiki ya Rio, akaumia goti huku Marín akimtazama kutoka upande wa pili wa wavu. Jina lake ni Li Xuerui, wa China.

Jina hilo halisikiki sana siku hizi, hata kwa watu wanaoufuatilia mchezo huu kwa karibu. Marín ana ukumbi wa michezo wenye jina lake kule Huelva alikozaliwa, na watu wanaweza kuhesabu majeraha yake kwa vidole kama wanavyohesabu mataji yake. Li alitangaza kustaafu Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka 28, na habari yake ilipita kama zinavyopita habari za wachezaji ambao tayari walishazoeleka kutoonekana. Nina sababu yangu ya kumkumbuka, na sababu hiyo iko kwenye goti langu la kushoto, lakini nitaifikia kwa wakati wake.

Alizaliwa Chongqing Januari 1991. Mwanzoni mwa mwaka 2012 hakuna aliyeweza kuapa kwamba angekwenda London, kwa sababu China iliruhusiwa kupeleka wanawake watatu tu katika mchezo wa mmoja mmoja, ilhali ilikuwa na zaidi ya watatu wenye uwezo wa kurudi na medali. Machi mwaka huo akatwaa taji la All England, mashindano makubwa ya kila mwaka kule Uingereza, kwa kumshinda Mchina mwenzake Wang Yihan, akajisogeza mbele kwenye foleni, na miezi mitano baadaye wawili hao wakakutana tena kwenye fainali ya Olimpiki katika ukumbi wa Wembley Arena. Wang Yihan ndiye aliyepewa nafasi kubwa. Li alishinda kwa 21-15, 21-23, 21-17, akiwa na miaka 21. Alikuwa mrefu, mwenye hatua pana, na kilichonivutia zaidi kwake ni utulivu: alikuwa akikipokea kinyoya kwenye kona ya nyuma kana kwamba alikuwa na miadi nacho, akakirudisha, akasubiri mpinzani achoke kufikiri.

Fainali hiyo ilichezwa tarehe 4 Agosti 2012. Siku hiyohiyo, kwenye ukumbi huohuo, Mchina wa tatu, Wang Xin, alikuwa akiwania shaba dhidi ya Saina Nehwal wa India. Alishinda seti ya kwanza kwa 21-18, lakini mwishoni mwa seti hiyo alitua vibaya na kuumia goti. Alifungwa bandeji, akaingia seti ya pili, ikachezwa pointi moja tu, akashindwa kuendelea. Saina akapata shaba ambayo, kwa jinsi matokeo yalivyokuwa yanakwenda, ilikuwa mikononi mwa mwenzake. Kutoka siku hiyo hadi siku ya Marín pale Paris ni miaka 12 kamili, tarehe kwa tarehe. Mimi si mtu wa kuamini nuksi za kalenda, ila naiona tarehe hiyo kila inapofika.

Mgeni wa mchezo huu hushangaa kusikia habari za magoti yaliyokatika. Kwa wengi wetu mpira wa vinyoya ni mchezo wa uani, wa shangazi na wapwa zake siku ya sikukuu, tena mara nyingine wavu wenyewe ni kamba ya kuanikia nguo. Kinyoya cha mashindano kina manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kizibo, na kwa kanuni hakiruhusiwi kuzidi gramu 5.50. Hakuna anayekugusa. Kwenye soka mtu akivunjika tunatafuta aliyemkwatua, tunarudia picha, tunamlaani, tunadai kadi nyekundu, na hasira hiyo inatusaidia kwa namna fulani. Huku hakuna wa kulaaniwa. Mpinzani yuko ng'ambo ya wavu, raketi imening'inia mkononi, na hajui kama inafaa asogee au abaki pale alipo.

Kinachovunja goti ni kusimama ghafla. Nusu ya uwanja wa mmoja mmoja ina urefu wa mita 6.7 na upana wa mita 5.18, na mchezaji analizunguka eneo hilo lote kwa kasi, akifunga breki na kugeuka kila baada ya sekunde moja au mbili. Mpinzani anapokutupia kinyoya juu, nyuma kabisa, kwenye kona isiyo ya mkono wako wa kuchezea, una njia mbili. Unaweza kugeuka na kupiga kwa mgongo wa mkono, pigo ambalo kwa wengi wetu halina nguvu, au unaweza kuzunguka, kuruka kwa kurudi nyuma na kukipiga juu ya kichwa. Ukichagua njia ya pili, unatua kwa mguu mmoja, ule ulio kinyume na mkono wa raketi, mwili ukiwa bado unakwenda nyuma na pembeni, na papo hapo mguu huohuo unadaiwa ukusukume kurudi katikati. Viatu vyetu vimetengenezwa visiteleze. Wayo ukiwa umeng'ang'ania sakafu na goti likakunjikia ndani kidogo, kano ya msalaba ya mbele, ambayo kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usichomoke mbele ya mfupa wa paja, inaweza kukatika kabla hujajua kwamba umetua.

Yangu ilikatika mwaka 2017, jioni ya Alhamisi, kwenye ukumbi wa shule wenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi ya kijani. Nilikuwa nikicheza na mzee mmoja mstaafu, mtu mwenye mikono laini ajabu, ambaye kwa umri wake hakimbii tena bali anakufanya wewe ukimbie. Alinitupia kinyoya kwenye kona ya kushoto nyuma. Niliruka, nikapiga, tena nilipiga vizuri, na nilipotua nikasikia mlio kama wa mtu aliyevunja muwa kwenye paja. Mzee anasema aliusikia akiwa upande wake. Hayakuwa maumivu makubwa mwanzoni, ni mshangao tu, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Barafu haikuwepo, kwa hiyo kijana mmoja alikimbia dukani akarudi na soda mbili baridi za chupa, nazo zikafungwa kwenye goti kwa fulana. Nilizinywa baadaye zikiwa vuguvugu.

Kwenye kituo cha afya niliambiwa nimeteguka tu, nikapewa bandeji na vidonge. Nyumbani nikapelekewa mama wa kuchua, hodari kweli wa kazi yake, akalichua goti kwa siku saba mpaka uvimbe ukanywea, na sote tukaamini mambo yamekwisha. Miezi mitatu baadaye, nikiteremka kwenye daladala kwa mguu wa kushoto, goti likaniachia tena mbele ya abiria wote. Hapo ndipo nilipokwenda kupimwa kwa MRI, kwa pesa iliyokuwa imetengwa kwa kazi nyingine, nikaambiwa kano imekatika yote na gegedu nayo imechanika pembeni. Upasuaji sikuumudu. Nilipata mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja asiyependa maneno mengi, ambaye alinipa kazi ya kusimama kwa mguu mmoja kila asubuhi nikipiga mswaki, kwanza macho yakiwa wazi, halafu yakiwa yamefumbwa. Nilimuuliza lini nitarudi kucheza mmoja mmoja. Akasema, "Kaka, tuanze na ngazi za kwako kwanza."

Ilikuwa katika miezi hiyo ya mswaki na mguu mmoja ndipo nilipoanza kutafuta mtandaoni ni mchezaji gani aliumia hivyo akarudi. Nilimtafuta kama mgonjwa anavyomtafuta mtu aliyepona ugonjwa wake. Nikampata Li Xuerui.

Tarehe 18 Agosti 2016, katika banda namba 4 la Riocentro, alikuwa bingwa mtetezi, mwenye miaka 25, akikutana na Marín ambaye alikuwa ameshamshinda katika fainali ya dunia ya Copenhagen mwaka 2014. Marín alikuwa katika ubora ambao hakuna mwanamke aliyeupatia jibu siku zile: alikuwa anacheza kwa haraka, anapiga kelele kila pointi, anaanzisha kabla mwenzake hajavuta pumzi. Seti ya kwanza ikaisha 21-14. Katika ya pili goti la Li likaachia. Aliendelea. Nimeitazama mechi hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya ya akili, na sehemu ambayo hunishinda si kuanguka kwake, ni pointi zilizofuata, ambapo mtu aliyekuwa akikifikia kila kinyoya kwa hatua mbili sasa anakiangalia kinapita, kisha anainamisha kichwa, anakwenda kupokea kinachofuata. Ikaisha 21-16.

Siku iliyofuata alitakiwa kucheza mechi ya shaba dhidi ya Nozomi Okuhara wa Japani. Hakuweza kuingia uwanjani. Okuhara alipata medali ya Olimpiki kwa kile ambacho mashabiki wetu wa soka wanakiita ushindi wa mezani. Marín akamshinda P. V. Sindhu wa India katika fainali, 19-21, 21-12, 21-15, akawa mwanamke wa kwanza asiye wa Asia kutwaa dhahabu hiyo, na ulimwengu ukageuza macho kumtazama yeye kama ilivyostahili. China, ambayo ilikuwa imetwaa dhahabu ya wanawake mmoja mmoja katika Olimpiki nne mfululizo, ilirudi nyumbani bila medali yoyote katika kundi hilo kwa mara ya kwanza tangu 1996. Nadhani hilo nalo lilimzidishia Li mzigo, ingawa hakuna goti linalokatika kwa niaba ya taifa.

Watu wakiambiwa kwamba kano ya goti hutengenezwa upya kwa kipande cha mshipa unaounganisha msuli na mfupa, kilichokatwa kutoka mahali pengine mguuni, hudhani kwamba kazi imemalizika daktari anapofunga mshono. Kipande kile hakijui bado kwamba kimekuwa kano. Kwanza hudhoofika, halafu polepole mwili hukikubali na kukikomaza, na katika muda huo msuli wa paja huwa umenywea mpaka mtu anaona aibu kuvaa kaptula. Wanamichezo wengi huambiwa wasubiri miezi tisa hadi mwaka mzima. Li alikaa nje karibu miezi 20. Aliporudi, Aprili 2018, katika mashindano ya Lingshui kule Hainan, pointi zake za viwango vya ubora zilikuwa zimeyeyuka, na bingwa wa Olimpiki alikuwa anaanzia chini pamoja na wasichana waliokuwa bado shuleni aliposhinda London.

Akashinda mashindano yale. Nililia, sitaficha, na mtu pekee aliyenielewa ni yule dada wa fizio, ambaye aliniambia nifute machozi niendelee kuhesabu. Mwezi Juni mwaka huo Li akatwaa pia mataji ya wazi ya Marekani na Kanada. Hayo yalikuwa mashindano ya ngazi za chini za ziara ya dunia, yaani mfululizo wa mashindano ya kimataifa ya kila mwaka, wakubwa wengi hawakuwepo, na kila anayejua mchezo alijua hivyo. Lakini nilivyokuwa nikitazama, sikuwa natazama matokeo. Macho yangu yalikuwa kwenye mguu wake kila alipotupiwa kinyoya kwenye kona ile ya nyuma. Zamani alikuwa akiruka bila kufikiri. Sasa, kwa jicho langu la mgonjwa mwenzake, kulikuwa na kitu kidogo sana kabla ya kuruka, kitu ambacho hata kamera haiwezi kukiandika, mfano wa mtu anayegusa mfukoni kuhakikisha kwamba funguo zipo. Katika mchezo wa kiwango kile, muda wa kugusa mfukoni haupo.

Hicho ndicho ninachotaka kukisema katika makala haya yote, na ndicho nilichokuwa nikishindwa kuwaeleza wenzangu siku ile ya Paris. Tunasema jeraha lilikatisha maisha ya mchezaji kana kwamba ni mkasi, siku moja, pointi moja, picha moja ya mtu ameshika goti. Kwa Li haikuwa hivyo. Goti lilikatika Agosti 2016, lakini maisha yake ya uchezaji yaliisha kidogo kidogo, katika kona ya nyuma, kwa miezi zaidi ya 30, kila mara aliposita kwa nukta moja mahali ambapo zamani hakusita. Wakati huo wasichana wengine walikuwa wanakua. Chen Yufei, aliyezaliwa 1998, na He Bingjiao, aliyezaliwa 1997, walichukua nafasi aliyoiacha wazi. Olimpiki ya Tokyo ilipofanyika mwaka 2021, Chen ndiye aliyeirudisha dhahabu China. Li alikuwa ameshaweka raketi chini karibu miaka miwili.

Marín hakuwepo Tokyo kuutetea ubingwa wake, na sababu tunaijua. Goti lake la kulia lilikuwa limekatika kwa mara ya kwanza tarehe 27 Januari 2019 katika fainali ya Indonesia Masters pale Jakarta, akiongoza 10-4, na aliyekuwa upande wa pili wa wavu alikuwa Saina Nehwal, yuleyule wa London. Naomba msomaji atue hapo kidogo. Mwanamke mmoja ameshinda medali ya Olimpiki na taji la kimataifa kwa sababu wapinzani wawili, katika mabara mawili tofauti, waliumia magoti mbele ya macho yake, na yeye mwenyewe alipasuliwa goti baada ya Rio, na mwaka 2024 akaeleza hadharani kwamba gegedu za magoti yake zimeharibika na ana baridi yabisi. Hakuna mtu aliyekuwa na haki zaidi ya kuogopa pale Jakarta kuliko yeye.

Marín ni mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mguu wake wa kutulia katika kona ile ni wa kulia. Alirudi baada ya takribani miezi minane, Septemba 2019, na mwezi huohuo akatwaa taji la China Open kwa kumshinda Tai Tzu-ying. Hapo ndipo hadithi yake na ya Li zinapoachana, na hapo ndipo sisi mashabiki tulipoanza kukosea, kwa sababu tulimfanya Marín kuwa kipimo. Mchezaji mwingine akikaa nje mwaka mzima tunauliza mbona Marín alirudi kwa miezi minane. Mwaka 2021, baada ya kushinda mataji mawili mfululizo Bangkok mwezi Januari na ubingwa wa Ulaya Kyiv, akaumia goti la pili, la kushoto, akiwa mazoezini, wiki chache kabla ya Tokyo. Akarudi tena, akawa wa pili duniani mwaka 2023, akachukua All England Machi 2024, na hata taji hilo, kwa mchezo huu ulivyo, lilimalizika kwa Akane Yamaguchi wa Japani kujitoa katika seti ya pili kwa sababu ya jeraha.

Sitaki kuonekana namlaumu mtu. Lakini kalenda nayo ni shahidi. Ziara ya dunia ilipoanzishwa mwaka 2018, wachezaji 15 bora wa mmoja mmoja waliwekewa sharti la kucheza mashindano yasiyopungua 12 kwa mwaka, achilia mbali mashindano ya timu na ya mabara. Mchezaji anatoka India, anakwenda Indonesia, anarudi Ulaya, na kila mahali sakafu ni ileile na kona ni zilezile. Siku moja baada ya Marín kuanguka, An Se-young wa Korea Kusini alitwaa dhahabu ya Paris kwa kumshinda He Bingjiao 21-13, 21-16, na badala ya kusherehekea tu, alitumia nafasi hiyo kulalamika mbele ya waandishi kuhusu jinsi jeraha la goti alilolipata kwenye michezo ya Asia ya Hangzhou mwaka uliotangulia lilivyoshughulikiwa na wakubwa wa mchezo nchini kwake. Alikuwa na miaka 22, medali ikiwa shingoni. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa ushindi.

Nirudi kwa He Bingjiao, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili Paris. Marín alipoanguka, alifungwa kifaa cha kubana goti, akajaribu kucheza, akapoteza pointi mbili, matokeo yakiwa 10-8 bado akiongoza, akashindwa. Alipiga magoti sakafuni akalia huku mwalimu wake wa miaka yote, Fernando Rivas, akiwa naye. He akamfuata, akasimama karibu, hajui mikono yake aiweke wapi. Siku iliyofuata kwenye jukwaa la medali alisimama na fedha yake, na mkononi akashika beji ndogo ya Hispania, akaionyesha kwenye kamera. Pembeni yake, Gregoria Mariska Tunjung wa Indonesia alivaa shaba ambayo, kama Okuhara kule Rio, hakuicheza. Wiki chache baadaye He alitangaza kuacha mashindano ya kimataifa, akiwa na umri wa miaka 27.

Picha ya beji ile ilizunguka dunia nzima, na ni picha nzuri. Niliihifadhi kwenye simu. Ila najiuliza ni nani aliyeshika beji ya nani kule Rio, na jibu ni kwamba hakuna, kwa sababu bingwa wa siku ile alikuwa na fainali ya kuwaza na aliyeumia alikuwa ametolewa nje. Miaka minane baadaye, bingwa yule alilala kwenye sakafu ya Paris akijua hasa alichokuwa amekiona mara ya kwanza.

Mimi siku hizi nacheza wawili wawili, upande wa mbele karibu na wavu, mahali ambapo wazee na wagonjwa huwekwa. Mzee bado yupo. Kwa miaka yote hii amekuwa akinionea huruma bila kusema: kila anaponipata peke yangu kwenye mazoezi, kinyoya kinakuja katikati, au kulia, kamwe si kwenye kona ya kushoto nyuma. Nilidhani nimekosea kuhesabu, kwa hiyo jioni moja nilihesabu kweli, pointi 30, na hakuna hata kimoja kilichokwenda pale. Alhamisi iliyopita nikamwambia, "Mzee, naomba ile ya kushoto." Akaniangalia kwa muda, akafuta raketi kwenye suruali, akasema, "Wewe mwenyewe umeomba, mwanangu, usije ukanisingizia." Kinyoya kikapanda juu sana, kikazunguka kwenye mwanga wa taa, kikaanza kushuka kwenye kona ile. Sikuruka. Niligeuka, nikakipiga kwa mgongo wa mkono, pigo dhaifu la kunyanyua tu, na Mzee aliyekuwa ameshafika kwenye wavu akakimaliza kwa kukigusa. "Moja," akasema, akaokota kinyoya, akarudi nyuma kuanzisha tena.